Nyumba Yangu, Ardhi ya Mwingine

Mara nyingi mazungumzo ya nyumba huanza wakati wa mirathi. Marehemu ameshazikwa, khitma imesomwa, na warithi wameketi kuhesabu alichoacha. Kuna nyumba ya vyumba sita, yenye ukumbi katikati na ua nyuma, iliyosimama kwa miaka 40. Wengi wa hao walioketi wamezaliwa ndani yake. Wanapofungua kisanduku cha karatasi, wanakuta stakabadhi zilizofungwa kwa uzi: kodi ya kiwanja, mwezi baada ya mwezi, mwaka baada ya mwaka. Hatimiliki hamna. Nyumba ilikuwa ya marehemu. Ardhi iliyo chini yake ni ya mtu mwingine. Hapo warithi hutazamana na kuulizana: tunagawana nini? Kuta, milango na mabati?

Na chumbani yuko mjane aliye katika eda. Yeye haulizi fungu lake ni lipi. Anauliza kama siku zake zitakapokwisha atakuwa bado na mahali pa kulala.

Tumeona vyema wiki hii tulizungumze jambo hili kwa upana wake, kwa sababu halikuanza kwetu wala haliko kwetu peke yake. Katika nusu ya pili ya karne ya ishirini, karibu kila mji mkubwa wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini ulikabiliwa na swali moja: watu wanaoingia mjini kila siku kutafuta riziki watakaa wapi, na juu ya ardhi ya nani? Serikali zilijibu kwa njia mbalimbali. Baadhi ya majibu yaliwaumiza wale wale waliokusudiwa kusaidiwa. Mengine yalifaulu, na yaliyofaulu yana mafunzo kwa familia zetu za pwani.

Nyumba zetu za Mombasa

Tuanze na nyumbani. Nyumba ya Kiswahili ya mitaa kama Majengo tunaijua sote. Mbele kuna baraza, pa kukaribisha wageni na kupunga upepo jioni. Mlango unafungukia ukumbi mrefu unaokwenda moja kwa moja hadi uani, na vyumba vimepangwa kushoto na kulia. Uani ndiko kwenye jiko, kisima au mfereji, na choo. Kuta za zamani zilikuwa za miti ya mikoko na fito, zikatomewa kwa udongo na mawe madogo, na paa likaezekwa kwa makuti. Baadaye yalikuja mabati, na kwa waliojaliwa, matofali.

Nyumba hiyo ilikuwa pia chombo cha riziki. Mwenyewe alikaa chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyosalia. Wageni waliokuja kufanya kazi bandarini, kwenye reli na viwandani walipata pa kulala kwa kodi waliyoimudu, na mwenye nyumba akapata pesa za matumizi. Tukumbuke pia kwamba wenye nyumba hawakuwa wanaume peke yao. Historia ya Mombasa inaonyesha kwamba tangu zamani wanawake wa Kiislamu walimiliki nyumba kwa urithi na kwa kununua. Bibi aliyefiwa au aliyeachwa, ambaye hakuwa na kazi ya ofisi wala elimu ya skuli, aliishi kwa heshima kwa kodi ya vyumba vyake vitatu.

Lakini mpango huo ulikuwa na ufa katika msingi wake. Mashamba makubwa ya kisiwani na ya bara ya Mombasa yalikuwa mikononi mwa watu na koo chache, ambao milki zao zilithibitishwa na sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908. Mwenye shamba alimruhusu mtu kujenga, kwa masharti ya kulipa kodi ya kiwanja. Mjenzi alimiliki nyumba bila ardhi. Mapatano mengi yalikuwa ya mdomo, na mpangaji wa kiwanja alikaa kwa ridhaa ya mwenye shamba. Ridhaa hiyo ilipokwisha, au shamba lilipouzwa kwa mwingine, alitakiwa kuondoka. Mara nyingi alikatazwa kujenga kwa mawe, kwa kuwa nyumba ya mawe ni ngumu kuivunja na humpa mkaaji dalili ya kukaa daima.

Hapo ndipo twaona jambo ambalo wapangaji wa miji walichelewa kulifahamu. Watu wa mitaa hiyo hawakukosa ufundi wala bidii. Walikosa uhakika. Hakuna mtu mwenye akili anayezika akiba yake yote katika ukuta ambao mwingine anaweza kuuangusha kesho. Kwa hiyo nyumba ilibaki ya udongo kwa miaka 40, si kwa sababu mwenyewe hakutaka bora kuliko hiyo.

Majumba marefu na tingatinga

Serikali nyingi baada ya uhuru zilitamani kuona miji yao ikiwa safi na ya kupendeza. Kenya katika sera yake ya nyumba ya mwaka 1966/67 ilijiwekea shabaha njema: kila familia iishi katika nyumba ya staha. Nyumba hiyo ikaelezwa kuwa na vyumba visivyopungua viwili, jiko na choo. Mwaka 1967 Shirika la Taifa la Nyumba likaanza kazi. Mitaa ya halmashauri tunayoijua Mombasa, kama Tudor, Mzizima na Changamwe, ni matunda ya fikra hizo za serikali kuwajengea watu nyumba za kupanga, fikra ambazo wakoloni walizianza na serikali huru ikaziendeleza.

Tatizo lilikuwa katika hesabu. Nyumba iliyojengwa kwa kanuni za ujenzi zilizorithiwa Uingereza iligharimu zaidi ya uwezo wa kuli, mchuuzi wa samaki au mama wa mahamri. Serikali ilipojenga nyumba mia, waliozihitaji walikuwa maelfu. Na hata hizo mia, mara nyingi ziliangukia mikononi mwa watu wenye mishahara na jamaa zao, kwani maskini hakuweza kulipa kodi yake au hakumjua mtu wa kumfikisha mezani. Wakati huohuo vibanda vya maskini vilihesabiwa kuwa uchafu, na tingatinga likatumwa kuvivunja. Aliyevunjiwa hakurudi kijijini. Alihamia bonde la pili akajenga tena, akiwa maskini zaidi kuliko jana.

Mataifa tajiri nayo yalijaribu njia ya majumba marefu na yakajuta. Mfano unaotajwa sana ni mtaa wa Pruitt-Igoe katika mji wa St. Louis, Marekani: majengo 33 ya ghorofa kumi na moja, yaliyojengwa miaka ya 1950 kwa ajili ya familia za kipato kidogo. Matengenezo yalipungua, familia zikahama, hofu ikatawala ngazi na lifti. Mwaka 1972, kabla jengo lolote halijatimiza miaka ishirini, serikali yenyewe ilianza kuyabomoa.

Miaka hiyohiyo msanifu wa majengo Mwingereza, John Turner, alikuwa akieleza aliyoyaona nchini Peru. Huko alikuta maskini wakijijengea nyumba kidogo kidogo, chumba leo, paa mwakani, na baada ya miaka kumi na mitano mtaa wa mikeka ukawa mtaa wa matofali. Alisema kwamba thamani ya nyumba ipimwe kwa yale inayomfanyia mkaaji, kabla ya sura yake. Mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu makazi uliofanyika Vancouver, Kanada, mwaka 1976 ulizipa nguvu fikra za namna hiyo. Matokeo yake mwaka 1978 kikaundwa kituo cha makazi cha Umoja wa Mataifa, na makao yake yakawekwa Nairobi.

Kiwanja na choo: fundisho la Dandora

Njia mpya iliyoshika kasi ilikuwa hii: serikali isijenge nyumba nzima. Ipime viwanja, ilete maji, barabara na mitaro, ijenge choo na bafu, kisha mwananchi ajenge vyumba kwa kadiri ya uwezo wake. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kujaribu kwa kiwango kikubwa. Mwaka 1975 Benki ya Dunia na halmashauri ya jiji la Nairobi zilianza mradi wa Dandora, wenye viwanja 6,000. Baadaye mradi wa pili ulifika Mombasa, na ndipo sehemu kama Chaani na Mikindani zilipopangwa.

Je, Dandora ilifaulu? Jibu la haki lina pande mbili. Familia nyingi za kipato kidogo zilipata kiwanja halali kwa mara ya kwanza maishani, zikajenga, zikapangisha chumba kimoja ili kujenga cha pili. Kwa upande wa pili, kiwanja chenye maji na barabara ni mali, na mali huvuta wenye pesa. Baadhi ya waliopewa waliuza, wengine wakawaachia wapangaji nyumba yote na wao wakaenda kuishi pengine kwa bei nafuu. Miaka ilivyopita, palipokusudiwa nyumba ya chini ya familia moja pakaota maghorofa ya vyumba vya kupangisha.

Fundisho lake ni kwamba mpango ukiwa na foleni ndefu, fomu nyingi na malipo ya mwanzo makubwa, maskini atabaki nje ya mlango hata kama jina lake limeandikwa juu yake.

Mtaa wa Mwenyezi Mungu

Katika mji wa Hyderabad, mkoa wa Sindh nchini Pakistan, alikuweko mtumishi wa serikali aitwaye Tasneem Ahmed Siddiqui, aliyelitafakari swali hilo kwa namna ya pekee. Mamlaka ya ustawi wa mji huo ilikuwa imepima viwanja vingi kwa jina la watu wa chini. Vikanunuliwa na wenye nafasi wakingojea bei ipande, na vikakaa vitupu, huku maskini wakimiminika kwenye vitongoji visivyo halali. Siddiqui akajiuliza: ni nani basi anayewapa maskini ardhi kila siku? Jibu lilikuwa dalali, yule anayekata viwanja vya haramu na kuviuza.

Akasoma mwenendo wa dalali. Akaona kwamba dalali hana fomu. Mtu huja na mizigo yake asubuhi, akaonyeshwa kiwanja siku hiyohiyo. Hulipa kidogo na kilichobaki hulipa polepole. Hujenga kibanda cha mianzi na mkeka, wala hakuna mkaguzi wa kumwambia ukuta wake haufai. Maji huletwa kwa gari la tangi, na huduma nyingine hufuata watu wakishakaa. Kwa maneno mengine, dalali anaanza na watu, ilhali serikali inaanza na mabomba na kungojea watu miaka kumi.

Mwaka 1986 Siddiqui na wenzake wakaanza mpango wa serikali uliofuata mwendo huo huo, ila kwa uhalali. Wakauita Khuda ki Basti, maana yake makazi ya Mwenyezi Mungu. Aliyetaka kiwanja hakuandika barua ya maombi. Alitakiwa aje na familia yake yote, na vyombo vyake, akae kambini pa kupokelewa kwa majuma kadhaa bila starehe yoyote. Mtu mwenye nyumba nzuri mjini hawezi kumleta mke na watoto kulala chini ya turubai kwa ajili ya kiwanja cha kuuza. Asiye na pa kwenda huvumilia. Subira ikawa ndiyo mizani ya haja. Waliodumu walipewa kiwanja cha yadi za mraba 80, padogo lakini pa kutosha vyumba viwili na ua. Walilipa kiasi kidogo mwanzoni, na kilichobaki kwa mafungu ya kila mwezi. Maji, mitaro na barabara vilikuja kwa hatua, kadiri wakaazi walivyochangia. Na sharti lilikuwa moja zito: ukae. Aliyekiacha kiwanja chake kitupu alinyang'anywa, akapewa mwingine.

Mpango huo haukuwa bila dosari. Ulikuwa mbali na katikati ya mji, na kwa mtu anayeishi kwa kibarua cha kila siku, nauli ni chakula. Familia nyingine zilishindwa zikaondoka. Hata hivyo walengwa ndio waliofika, jambo ambalo miradi mingi ya kifahari haikuweza kulisema. Mwaka 1995 ulipewa Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu wa Majengo, na waamuzi waliotunuku majengo ya mawe na marumaru wakatunuku pia mtaa ulioanza kwa vibanda.

Kichochoro kimoja kwa wakati

Kule Karachi, katika kitongoji kikubwa cha Orangi, tabu ilikuwa nyingine. Watu walikwisha jenga nyumba zao, karibu watu milioni moja, lakini maji machafu yalipita milangoni mwao. Watoto walicheza ndani yake na kuugua. Kina mama ndio waliouguza, ndio waliofagia, na ndio waliobeba ndoo.

Mwaka 1980 alifika pale mzee aitwaye Akhtar Hameed Khan. Katika ujana wake alikuwa ofisa wa daraja la juu katika utumishi wa serikali ya kikoloni ya Uhindi. Akajiuzulu, akafanya kazi za mikono pamoja na mafundi wa kufuli ili aijue hali ya watu wa kawaida. Miaka ya 1950 na 1960 alijulikana kwa vyama vya ushirika vya wakulima huko Comilla, ambako leo ni Bangladesh. Alipofika Orangi hakuleta pesa. Alizunguka vichochoroni na kusikiliza.

Akagundua vizuizi vinne. Cha kwanza kimo moyoni: watu waliamini kwamba mitaro ni wajibu wa serikali na itakuja bure. Cha pili ni umoja: majirani hawakuwa na desturi ya kufanya jambo pamoja. Cha tatu ni gharama, na cha nne ni ufundi. Wataalamu wake wakaondoa faida ya mkandarasi, wakarahisisha mifuniko na mabomba, hata bei ikashuka mpaka sehemu ndogo ya ile iliyotozwa na serikali. Kisha wakasema: hatufanyi kazi na mtaa mzima, tunafanya kazi na kichochoro. Nyumba 20 hadi 40 zinazotazamana zichague mtu wao wa kuaminika, zichange wenyewe, zitunze pesa zao wenyewe, zichimbe. Mradi ulitoa ramani, vifaa vya kuazima na mafunzo. Kila familia ikajenga choo chake na kuunganisha mtaro wa kichochoro; serikali ikaachiwa mitaro mikubwa ya nje, ambayo kwa kweli ndiyo kazi yake. Maelfu ya vichochoro yalijengwa hivyo. Baadaye zikafuata kazi za ushonaji kwa wanawake, skuli za mtaani na huduma za afya. Khan alifariki mwaka 1999, na mitaro ingali inapitisha maji.

Twapenda msomaji azingatie kwamba mpango huu haukuisamehe serikali wajibu wake. Uligawa wajibu kwa haki: kilicho ndani ya uwezo wa majirani wakifanye, na kilicho juu ya uwezo wao waidai serikali wakiwa wameshikana mikono.

Wanawake wa Byculla

Mfano wa mwisho wa mbali ni wa Bombay, Uhindi. Katika eneo la Byculla, familia ziliishi juu ya njia za waenda kwa miguu, katika vibanda vilivyoegemea kuta za maghala. Mwezi wa Julai mwaka 1985 Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo ilikiri kwamba riziki ni sehemu ya haki ya uhai, lakini ikaipa halmashauri ruhusa ya kuwaondoa wakaazi wa njiani baada ya kuwapa ilani. Kila mtu alitarajia fujo.

Wanawake wa vibanda hivyo walichagua njia ya hesabu. Wakisaidiwa na shirika liitwalo SPARC, lililoanza mwaka 1984, walijihesabu wenyewe nyumba kwa nyumba, ili asiwepo wa kusema kwamba hawapo. Wakaunda chama chao, Mahila Milan, yaani wanawake pamoja. Kila siku mmoja wao alipita vibandani kukusanya akiba, hata kama ni sarafu moja. Kisha wakakaa kuchora nyumba waitakayo. Wataalamu walikuwa wamezoea kugawa vyumba kwa penseli. Wanawake walianza na mambo ya siku nzima: wapi utapika moshi usiwatese watoto, wapi binti mkubwa atabadilisha nguo, wapi mashine ya kushonea itapata mwanga. Wakaamua chumba kiwe kidogo kwa upana lakini dari liwe juu futi 14, ili ijengwe roshani ya ndani, familia ipate mahali pa kulala juu na pa kufanya kazi chini. Wakasimamisha mfano wa nyumba hiyo kwa ukubwa wake halisi, wakawaita maofisa waje waingie ndani waone.

Jambo hili latugusa sisi hasa. Nyumba katika mila zetu ni sitara. Wenzetu waliotujengea mitaa ya halmashauri hawakuwauliza mama zetu wapi ua utakuwa, wala mgeni mwanaume atapita wapi bila kukatiza jikoni. Anayekaa ndani ya nyumba mchana kutwa ndiye anayeijua, na ndiye asiyeulizwa.

Tufanye nini sisi?

Karne ilipokaribia kwisha, sheria zetu nazo zilianza kulegea. Mwaka 1995 kanuni za ujenzi nchini zilirekebishwa ili kuruhusu vifaa vya bei nafuu vya hapa kwetu. Mwaka 1996 mkutano wa Istanbul ulitangaza shabaha ya makao ya kufaa kwa wote. Leo Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inamhakikishia kila mtu haki ya makao yanayofikika na yanayofaa. Ahadi ipo. Ila ahadi haimsaidii mjane ambaye stakabadhi zake zimeliwa na mchwa.

Kwa hiyo tuna mambo manne ya kuziusia familia zetu.

La kwanza, karatasi. Anayejenga juu ya ardhi ya mwingine na apatane naye kwa maandishi, mbele ya mashahidi, muda utajwe na fidia itajwe. Stakabadhi za kodi ya kiwanja zitunzwe kama dhahabu, na nakala ziwekwe kwa mtu wa pili. Kwa anayenunua, ahakikishe katika ofisi ya ardhi kwamba muuzaji ndiye mwenye jina.

La pili, jina la mwanamke. Wako wake waliouza bangili zao kuinunulia nyumba mabati, na jina lao halimo popote. Wala hatusemi haya kuzua ugomvi baina ya mume na mke. Sheria yetu ya dini imempa mwanamke milki yake kamili. Basi alichochangia kiandikwe, ili siku ya mirathi deni lijulikane kabla ya mafungu kugawanywa. Na ndugu wasiharakishe kuuza nyumba ambamo mayatima wangali wanalala.

La tatu, umoja wa kichochoro. Wengi wetu tumo katika chama au mchezo wa kuchangiana. Pesa zinazotosha kununua seti ya vyombo kila mwezi zinatosha pia, zikikaa pamoja mwaka mmoja, kuchimba mtaro au kumlipa wakili wa kusoma mapatano ya nyumba 20. Hapa pwani tuna mfano wetu: mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakaazi wa Tanzania-Bondeni katika mji wa Voi walichagua ardhi yao ishikwe na jamii nzima, na kila mmoja amiliki nyumba yake. Anayehama huuza nyumba, ardhi hubaki. Shughuli za hati ziliwachukua muda mrefu, kwani sheria haikuuzoea mpango huo. Lakini tazameni: ni ile ile nyumba bila ardhi tuliyoizoea, ila hapa mwenye ardhi ni majirani wenyewe, na hakuna wa kuwauza.

La nne ni kwa wenye nafasi. Wazee wetu waliacha wakfu za misikiti, visima na nyumba za kuwasitiri wasiojiweza, na mwaka 1951 iliwekwa sheria ya makamishna wa wakfu hapa nchini. Misikiti, alhamdulillahi, twaendelea kuijenga. Je, ni wangapi miongoni mwetu waliofikiria kuwakifu kiwanja ili wajane kumi wakae bila hofu ya kuondolewa?

Neno maskani na neno sakina yametoka katika asili moja ya Kiarabu, na maana yake ni kutulia. Tumrudie yule mjane tuliyemwacha chumbani mwake. Amebakiwa na siku chache za eda. Nje, warithi wangali wanazungumza. Kabla hawajaandika fungu la mtu yeyote, mmoja wao na ainuke, abishe hodi mlangoni mwake, na amjibu lile swali lake. Twamuomba Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu ziwe na utulivu, na awape makao wasio nayo. Amin.